Vitambaa Tisa vya Mzee Pua

Saa moja na nusu asubuhi. Meli bado imefungwa gatini na abiria wa kwanza wanagombea kivuli nje ya lango. Kwenye benchi la sitaha ya nyuma vimepangwa vitambaa tisa vyeupe, vimelowa maji ya moto, kila kimoja kimetiwa namba pembeni kwa uzi mwekundu. Mpishi wa meli, ambaye hata aproni hajavaa, amefumba macho. Anainua kitambaa cha kwanza hadi puani.

"Safi," anasema, na kukiweka kando.

Cha pili safi. Cha tatu safi. Mbele yake amesimama mwanamume mrefu wa miaka hamsini na sita, ovaroli yake ya bluu imefuliwa mpaka imepauka, penseli mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Anamtazama mpishi usoni kwa namna ambayo watu humtazama daktari akisoma majibu ya vipimo.

Kwenye kitambaa cha saba mpishi anakunja uso. Anakirudisha puani mara ya pili, taratibu, kama anayeonja mchuzi.

"Saba," anasema. "Siyo sana, lakini ipo."

"Ya yai au ya mkojo?"

"Mkojo. Wa jana, siyo wa leo."

Mwanamume anaandika, anamwombea mpishi kwa Mungu amzidishie pua, anachukua bisibisi na kushuka kwenda choo namba saba. Baada ya dakika kumi anarudi na kipande cha mpira mweusi uliopasuka, mdogo kuliko sarafu. Huo ndio uliokuwa unavujisha. Abiria wangeanza kuisikia harufu labda baada ya wiki, naye ameshautoa kabla ya chai.

Ni kawaida yake ya kila asubuhi ya safari. Hupangusa bomba la kila choo kwa kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya moto. Bomba likianza kuchoka au kiungo kikilegea, harufu hushika kwenye kitambaa mapema, wakati hewani bado haijasikika. Kisha mtu hunusa vitambaa vyote tisa, kimoja kimoja. Lakini mtu huyo kamwe siye yeye. Mtunza vyoo na tangi la maji taka la meli hii, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa sasa, hasikii harufu ya kitu chochote duniani.

Wenzake wanamwita Mzee Pua. Jina alilipata zamani, pua yake ikiwa kwenye ubora wake, na pua ilipokufa jina likabaki. Anasema hakuona sababu ya kulibadilisha, maana watoto wa bandarini wameshalizoea na hata barua za mshahara huja zimeandikwa hivyo kwa kalamu pembeni.

Leo ni siku nzito kwake. Saa nne atapanda mkaguzi wa vyombo vya majini, na katika orodha ya mambo atakayoyaamua kuna swali moja linalomhusu yeye peke yake: je, mtu asiyeweza kunusa anaweza kuendelea kukabidhiwa tangi la maji taka la meli ya abiria? Akisema hapana, leo ndiyo safari ya mwisho.

Mzee Pua anadai amelala vizuri. Mpishi anaonyesha kwa kidevu miguu yake. Soksi moja ni kijivu, nyingine ya kahawia.

Meli hii si kubwa sana. Inabeba abiria mia mbili na themanini, inavuka mara nne kwa wiki, na kwenda na kurudi huchukua saa sita hali ya maji ikiwa nzuri. Ina vyoo tisa. Vyote humwaga kwenye tangi moja la lita elfu nane lililo chini kabisa, nyuma ya chumba cha injini, ndani ya kichumba chembamba kinachofikiwa kwa ngazi ya vipandio vinane. Hakuna tone linaloruhusiwa kwenda majini. Meli ikirudi gatini, gari la kunyonya maji taka huja na mpira wake mnene, hulikamua tangi, na kazi huanza upya.

Kazi yenyewe ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kuna kupaka grisi kwenye valvu ili zisikwame. Kuna kuondoa ukoko mgumu unaojijenga ndani ya mabomba, ambao huulainisha kwa kumimina siki usiku meli ikiwa imelala. Kuna kusoma kipimo cha ujazo, kubadilisha mipira, kufungua pampu na kutoa vilivyomo. Katika vilivyomo Mzee Pua ameshakuta vitambaa vya watoto, soksi, simu mbili, ufunguo wa gari, na seti nzima ya meno ya bandia ya juu.

Meno hayo anayasimulia kwa raha. Aliyaosha, akayachemsha, akamwomba nahodha atangaze kwa kipaza sauti kwamba kuna mali ya abiria imeokotwa. Hakujitokeza mtu. Lakini meli ilipofika ng'ambo, bwana mmoja mwenye suti alibaki nyuma mpaka wote wakashuka, akaja bila kufungua kinywa, akanyoosha kiganja, akapewa, akaondoka. Kila mwaka bwana huyo huvuka, na kila mwaka humwachia Mzee Pua salamu kwa karani wa tiketi.

"Watu wanadhani kazi yangu ni uchafu," anasema, akifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Kazi yangu ni heshima ya mtu. Mama mzima na nguo zake za safari, anaingia, anajisaidia, ananawa, anatoka. Akifika kwake asikumbuke kabisa kama melini kulikuwa na choo. Hapo nimefaulu."

Alianza bandarini akiwa mpakuzi wa mizigo. Mgongo ulipoanza kumsumbua, fundi mzee wa vyoo vya meli alimwonea huruma na kumchukua chini yake. Wiki ya kwanza tu akaharibu. Aliona tangi linanuka, akaona dawa ni kulisafisha, akamimina ndoo nzima ya dawa kali ya kuondoa madoa. Siku mbili baadaye meli ilinuka mpaka nahodha akawa anakunywa chai na dirisha limefungwa.

Fundi mzee hakumgombeza. Alimkalisha kwenye ngazi ile ya vipandio vinane na kumweleza kwamba mle ndani mna vijidudu vinavyokula uchafu, na vikila vizuri tangi halinuki sana. Yeye amevitilia sumu vyote. Akamwonyesha bomba jembamba linalotoka juu ya tangi, linapanda ukutani na kutokeza nje karibu na reli ya nyuma. Hilo ni bomba la pumzi. Kupitia hilo hewa huingia na gesi hutoka.

"Aliniambia, tangi linapumua kama wewe, usilizibe," anakumbuka Mzee Pua. "Halafu akaniambia jambo la pili. Ukisikia harufu ya yai viza, rudi nyuma. Ukiacha kuisikia ghafla, kimbia, kwa sababu haijaondoka. Imekuua pua, inayofuata ni roho."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyookoa maisha ya mtu, ingawa ilipita miaka mingi kabla ya kuhitajika.

Katika miaka hiyo pua yake ilikuwa sifa ya meli. Angekaa sitaha ya juu, upepo ukavuma kutoka nyuma, naye angesema kwa utulivu, "Namba tano, mpira wa chini." Wangeenda kuangalia na kukuta ni namba tano, mpira wa chini. Nahodha alikuwa akiwawekea wageni wake dau. Mzee Pua anakiri kwamba alivimba kichwa kidogo. Mke wake anasema si kidogo.

Kisha miaka miwili iliyopita akaugua homa. Alilala siku kumi, akapona, akaamka na njaa. Akaketi jikoni kwake kando ya jiko akisubiri maharage, na mke wake alipoingia kutoka uani alikuta moshi umejaa, sufuria limeungua hadi limekuwa jeusi, na mumewe ameketi hapohapo akisoma gazeti.

Walitazamana. Mke akakimbia kuleta kitunguu, akakikata, akamwekea puani. Akaleta mafuta ya taa. Akaleta, anavyosimulia mwenyewe, hata kiatu. Machozi yalimtoka mumewe kwa kitunguu, lakini harufu hakuisikia.

Kwa miezi minne walificha. Walikuwa na binti chuoni na nyumba isiyo na madirisha upande mmoja, na mume aliamini pua itarudi. Huko melini alibuni mbinu. Alikuwa akisimama kwenye korido akijifanya anapangusa taa, huku anatazama nyuso za abiria wanaotoka chooni. Akiona anayekunja uso, alikwenda kukagua choo alichotoka mtu huyo. Mara moja alifungua pampu nzima ya choo namba mbili kwa sababu ya bibi mmoja ambaye, kumbe, uso wake ndivyo ulivyo siku zote.

Nyumbani nako kukazaliwa utaratibu mpya. Zamani alijua mwenyewe kama ameoga akatakata. Sasa hakujua. Basi kila akirudi, husimama mlangoni, mikono pembeni, na mke wake humnusa kuanzia kola hadi viganjani. Akipita, anaingia. Asipopita, anarudi bafuni. Majirani walidhani ni mke mwenye wivu anayetafuta manukato ya mwanamke mwingine, na mke aliwaacha wadhani hivyo, maana siri ya kweli ilikuwa nzito zaidi.

Siku ya mwisho wa siri hiyo anaikumbuka kwa saa. Meli ilikuwa imetoka kupakwa rangi, reli zote nyeupe. Mmoja wa wapaka rangi, mtu makini kabisa, alihofia rangi isije ikaziba wavu wa bomba la pumzi, akalifunika mdomo kwa nailoni na kulizungushia utepe wa gundi. Alikusudia mema. Jioni wakakusanya makopo na ngazi zao, wakalipwa, wakaenda, na nailoni ikabaki palepale.

Siku iliyofuata, safarini, vyoo vikaanza kubeua. Maji yalikuwa yakitoa mapovu yenyewe bila mtu kuvuta. Mzee Pua aliona, akadhani kipimo cha ujazo kimemdanganya na tangi limejaa. Akafungua mlango wa chini, akashuka vipandio vinane kwenda kuangalia. Macho yalimwasha, lakini tangu asubuhi yalikuwa yakimwasha kwa sababu ya rangi.

Mpishi alikuja kumwita kwenye chai. Alisimama juu ya ngazi na kumwambia huku kunanuka yai. Mzee Pua, kwa kuwa hakusikia kitu na siri alikuwa ameizoea, akamtania. Akamjibu akahesabu mayai yake jikoni, labda kuna moja limemkimbia. Mpishi, ambaye hakubali kutaniwa kuhusu jiko lake, akashuka vipandio vitatu ili amjibu vizuri.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Aa, hata imeisha."

Mzee Pua anasema hakumbuki kupanda ngazi. Anakumbuka mkono wa mpishi, kwamba aliushika juu ya kiwiko, na kwamba aliuvuta kwa nguvu ambayo mgongo wake haukuwa nayo tena. Walitokeza sitahani wote wawili na kuanguka kifudifudi kwenye rangi mpya. Mpishi alitapika. Kichwa kilimuuma siku mbili, na zahanati ya ng'ambo walimlaza usiku mmoja. Yeye Mzee Pua alipata kizunguzungu, basi.

"Mimi nilimtania," anasema. Anaikunja na kuikunjua kofia yake. "Mwenzangu ananiambia kuna sumu, mimi namtania. Kwa sababu naona aibu kusema sina pua."

Jioni ile, bado rangi nyeupe ikiwa kwenye ndevu zake, alikwenda kwa nahodha na kusema yote tangu maharage. Hakuombwa wala kukamatwa, alijipeleka mwenyewe. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kusema, na kumteremsha melini. Kwa wiki tatu alikuwa gatini akikunja kamba na kuangalia meli ikiondoka bila yeye.

Aliyekwenda kumtetea ni mtu ambaye hakumtarajia. Mpishi, siku ya kwanza tu ya kurudi kazini, alivua aproni yake, akapanda hadi chumba cha nahodha, na kugoma kuketi.

"Nilimwambia, huyu mzee alinikosea na nitamdai chai mpaka nizeeke," anasimulia mpishi, naye anacheka. "Lakini nilimwambia na hili. Mimi nina pua nzima, ilipotoweka ile harufu nilifurahi. Yeye hana pua, na ndiye aliyejua maana yake. Sasa wewe nahodha unataka nani kule chini, anayefurahi au anayejua?"

Nahodha alimwita mhandisi mkuu, ambaye melini wanamwita Chifu. Chifu ni mtu wa maneno machache. Aliomba vitu viwili: kipima gesi, na amri kwamba hakuna mtu yeyote, mwenye pua au asiye nayo, atakayeshuka vile vipandio vinane peke yake. Vyote vikakubaliwa. Mzee Pua akaitwa kutoka gatini akiwa na kamba begani.

Kipima gesi hicho cha manjano, ukubwa wa pakiti ya sigara, huvaliwa kifuani na hulia kama mtoto aliyenyimwa. Kwa kule chini kinatosha. Lakini hakiwezi kusikia mpira uliopasuka kidogo kwenye choo namba saba, na hapo ndipo mabaharia walipojitolea. Ubaoni jikoni, chini ya zamu za kuosha vyombo, pakaandikwa zamu nyingine: Zamu ya Pua. Jumatatu mpishi, Jumatano Chifu, Ijumaa karani wa tiketi, Jumapili nahodha mwenyewe. Vitambaa vilishonwa namba na mke wa Mzee Pua, kwa uzi uliobaki alipokuwa akidarizi mashuka.

Wiki hii zamu zimebadilishana siku. Mpishi aliomba apewe ya leo.

Mkaguzi anafika saa nne na robo. Ni mwanamke wa makamo mwenye viatu vizito na miwani inayoning'inia kifuani. Anakagua maboya ya kuokolea, anakagua vizima moto, anasoma daftari la tangi ukurasa kwa ukurasa. Kisha anamgeukia Mzee Pua na kumuuliza, bila ubaya lakini bila kuzunguka, yeye atajuaje kwamba mfumo huu si mapenzi tu ya wenzake, kwamba hawamfichii kasoro yake.

Mzee Pua anajibu kwamba hawezi kumjibu kwa mdomo. Anaomba ajaribiwe.

Mkaguzi anafikiri. Anamwambia Chifu aende alegeze kibano kimoja cha bomba katika choo chochote, asimwambie mtu ni kipi, hata yeye mkaguzi. Chifu anaondoka na spana, anarudi, uso wake hauna habari. Wanasubiri nusu saa. Mpishi anataka kuja kunusa lakini mkaguzi anainua mkono kumzuia. Leo, anasema, mpishi atabaki na sufuria zake.

Mzee Pua anapita vyoo vyote tisa na vitambaa vyake vya moto. Anapangusa kila bomba kwa urefu ule ule, kwa mwendo ule ule. Anapovipanga vitambaa kwenye benchi, anavichanganya, namba zikiwa zimetazama chini. Kisha anageuka kwa mkaguzi na kuvua kofia.

"Samahani, mama," anasema. "Naomba unikopeshe pua yako."

Mkaguzi anamtazama. Chifu anatazama maji. Mkaguzi anavua miwani, anaketi kwenye benchi, na kuchukua kitambaa cha kwanza. Anakinusa kidogo, kwa mashaka. Cha pili anakinusa vizuri zaidi. Kufikia cha tano ameshafumba macho kama alivyofanya mpishi. Cha sita anakiondoa puani haraka, anakirudisha tena kuhakikisha, na kukigeuza. Uzi mwekundu unaonyesha namba mbili.

Mzee Pua anakwenda choo namba mbili. Anapitisha vidole vyake nyuma ya bomba, mahali ambapo jicho halifiki, na kukuta kibano kimelegea nusu mzunguko. Anakikaza. Chifu, aliyemfuata hadi mlangoni, anasema, "Ndicho."

Mkaguzi ana swali moja tu la nyongeza. Anataka kujua, kama siku moja pua ingerudi, angeacha vitambaa?

"Hapana, mama. Mwenye pua huiamini pua yake. Mimi niliiamini miaka mingi, na karibu impoteze mtu. Sasa siamini kitu mpaka nipime na mwenzangu aseme."

Mkaguzi anaandika muda mrefu. Kisha anasoma kwa sauti: mtunza tangi anaendelea na kazi, kwa sharti kwamba hatashuka peke yake na kwamba vitambaa vitaandikwa kwenye daftari kila safari. Chini ya sharti anaongeza mstari ambao si sharti. Anataka mpango huu uelezwe kwa meli nyingine mbili za bandari hii.

Jikoni sufuria inaanguka sakafuni. Mpishi alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote.

Mzee Pua hapigi kelele. Anamshika mkaguzi mkono kwa mikono yake miwili, kisha anatambua ni mikono iliyotoka nyuma ya bomba na kuuachia kwa haraka, anaomba radhi. Mkaguzi anamwambia amechelewa, mkono umekwisha shikwa, na anacheka kwa mara ya kwanza.

Siku zake za mapumziko Mzee Pua ameshazipangia kazi. Ataanza na hizo meli mbili. Atawafundisha kuhusu bomba la pumzi na kuhusu harufu inayotoweka, na atapeleka kopo lake la rangi nyekundu. Kwenye reli ya nyuma ya meli yake ameandika kwa mkono, herufi nene zinazopanda kidogo kulia: HAPA TANGI LINAPUMUA. USIZIBE. Anataka maandishi hayo yawe kwenye kila chombo gatini.

Kuhusu pua, daktari amemwambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Amempa mazoezi. Kila asubuhi hufungua vichupa vinne, cha limau, kahawa, iliki na sabuni, na kuvinusa kimoja kimoja akijaribu kukumbuka. Hajapata kitu bado. Lakini haruki siku.

"Nimepewa pua za meli nzima," anasema. "Ningeomba nini tena, mimi? Hata nahodha ananinusia. Mungu ni mwema, watu ni wema." Anavaa kofia yake. "Kitu kimoja tu ningeomba, lakini hicho ni cha nyumbani."

Saa mbili usiku, nyumbani, anasimama mlangoni na mikono pembeni. Mke wake anatoka akijifuta na kanga. Siku kumi na moja zilizopita binti yao alijifungua, na tangu hapo hawa wawili wameacha majina yote ya zamani.

"Babu, tulia hapo," anaamuru, na kumnusa kola, shingo, viganja. "Sabuni. Na dizeli kidogo. Umepita?"

"Nimepita."

"Nauliza kwa mkaguzi."

"Na kwa mkaguzi pia, bibi. Nimepita."

Mke anaweka kiganja kifuani pake, anakaa hivyo, kisha anajifuta macho kwa ncha ya kanga na kumwambia aingie, asimame kwenye giza kwa nini. Ndani, binti anampa mtoto aliyefungwa kwenye shuka lenye maua mekundu. Mzee Pua ananawa tena kwanza. Anampokea, anaketi, anainamisha uso mpaka pua yake inagusa utosi laini wa mtoto, na anavuta pumzi ndefu. Hapati kitu.

"Bibi," anaita. "Ninusie."

Mke anakuja na kuinama juu ya bega lake. Ananusa polepole, kama mtu mwenye zamu.

"Maziwa," anasema.

"Na nini tena?"

"Na jasho la usingizi. Na mafuta ya nazi, hapa nyuma ya sikio." Ananusa tena. "Ni ileile, babu. Ya mama yake, siku tulipomleta humu ndani."

Mzee Pua amefumba macho. Binti ameacha kukunja nguo, anawatazama.

"Hiyo naikumbuka," anasema. "Hiyo ninayo."